Kauri Iliyoshika

Jino la mbele la Lightness lilivunjika Jumatano jioni, na kufikia Alhamisi asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeshakubaliana kuhusu mfupa wa kitimoto.

Mfupa huo aliutunga Ronald, mumewe. Mama yake Ronald, Tereza, akaupamba: akaongezea banda ulikonunuliwa, pilipili iliyonyunyizwa juu yake, na jinsi ulivyolia ka! mkamwana wake alipouma. Lightness mwenyewe hakuchangia neno. Alikaa kwenye kigoda jikoni akimnyonyesha mtoto, pindo la khanga likiwa mdomoni. Aliyemwona kwa mbali angedhani ni baridi tu, maana mwezi wa sita upepo wa Makambako hauna adabu, na nusu ya majirani wa pale Mahongole hutembea wamejifunika nyuso.

Sababu ya Ronald kumpiga sitaitaja. Nikiitaja itafanana na sababu.

Kilichomkosesha Tereza raha kilikuwa Jumapili. Siku hiyo mtoto, Scola, alikuwa anabatizwa, na ndugu za Lightness wangekuja kutoka Mdandu: kaka yake Obed na shangazi yake Dorika, mwanamke wa Kilutheri mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mwaka juzi, jino lenyewe la kuzaliwa lilipovunjika, nyumba hii ilisema ni sabuni ya bafuni. Shangazi Dorika alikuja, akasikiliza habari ya sabuni, akanywa chai, akaondoka. Mtu kama yule anaweza kumeza sabuni. Sabuni na mfupa kwa pamoja, hapana.

"Baba Ronald," Tereza alimwambia mumewe, Fidelis, "Jumapili yule mkamwana wako awe na jino. Sijui utafanyaje. Awe na jino."

"Lazima litolewe kwanza lile lililovunjika," alisema Fidelis. "Mimi siingii mdomoni mwa mtu. Hiyo ni kazi ya daktari."

"Basi mpeleke kwa daktari. Tena leo."

Fidelis alikuwa fundi wa meno. Si wa kung'oa wala kuziba. Yeye alitengeneza meno yenyewe, katika chumba cha uani chenye dirisha moja, na madaktari wa Njombe na Makambako wakayaweka vinywani mwa watu. Daktari alichukua alama ya mdomo wa mgonjwa, akaimwagia plasta, akamletea Fidelis taya nyeupe kwenye boksi. Juu ya taya hiyo Fidelis alitengeneza kofia ndogo ya chuma, na juu ya chuma akachoma kauri, ule udongo wa vyombo vya kung'aa, tabaka kwa tabaka, mpaka ile kofia ikawa jino. Kuunganisha kauri na chuma ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Moto ukipungua, kauri haishiki. Ukizidi, inayeyuka kama mshumaa. Ukigusa chuma kwa kidole kabla ya kuchoma, mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kila kitu. Kwa kazi hiyo Fidelis alijulikana, na kwa kazi hiyo alijipenda, tuseme ukweli.

Jino la Lightness, lile lililovunjika sasa, alikuwa amelitengeneza yeye. Alilitengeneza bila kumtazama. Walivyolelewa yeye na mkewe, baba mkwe hamtazami mkamwana usoni, wala hakai naye chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa. Mdomo wa mke wa mwanawe Fidelis aliujua kwa plasta tu, na kwa plasta aliujua vizuri kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

*

Kliniki ilikuwa Njombe mjini, na Dokta Anyisile alikuwa kijana wa umri wa Ronald, mpole, mwenye sweta la shule lililobaki kumtosha. Fidelis hakuingia ndani. Alisimama nje ya mlango ulioachwa wazi, mzura wake wa sufu mkononi, akitazama ukuta wenye picha ya mtoto anayepiga mswaki. Alisikia chuma kikigongwa taratibu, halafu mlio mdogo kofia ilipoachia na kudondoka kwenye sahani.

"Ilikuwaje, mama?" daktari aliuliza.

Sauti ya Lightness ilikuja, ikipita pembeni ya pengo: "Mfupa."

"Mfupa. Na huu mdomo wa juu, huu uvimbe, nao ni mfupa?"

Lightness hakujibu. Macho yake yalikwenda mlangoni, kwenye viatu vya baba mkwe wake, ambavyo ndivyo pekee alivyoweza kuviona kutoka pale alipolazwa. Daktari naye akageuka, akatazama alikotazama.

Fidelis aliona kimya kile kinarefuka. Alikiona kinakwenda mahali ambapo hakikutakiwa kwenda, akakikata.

"Ni kosa langu, daktari," alisema kutoka nje. "Hiyo kazi nilikosea joto. Kauri haikushika vizuri. Hata ugali ungeibandua."

Dokta Anyisile alitoka na ile sahani. Uso wake ulikuwa umebadilika; sasa ulikuwa uso wa mtu anayehesabu vinywa vingine.

"Fundi, nina wagonjwa wanatembea na kofia zako."

"Najua, daktari."

"Mmoja ni mwalimu. Mwingine anaimba kwaya. Zikianza kubanduka mbele za watu, watanitafuta mimi."

"Hizo nyingine ni nzuri. Ni hii tu."

"Utajuaje?" Daktari alimkabidhi jino lililovunjika kwenye kikaratasi, bila kumtazama sana, kama mtu anavyomrudishia mwenzake kitu kilichodondoka. "Hii irekebishe, nitaiweka Jumamosi. Ila yule mgonjwa wa wiki ijayo nitampeleka Iringa kwa sasa. Tuone kwanza. Usinielewe vibaya."

Pale mapokezi dada mmoja aliyekuwa anakunywa uji alisema, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho, kwamba kazi ikirudi kwa ubovu gharama ni za fundi. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri walimwangalia Fidelis mikono. Alilipa, akavaa mzura wake, na masikio yalikuwa yanamuwaka.

Njia nzima ya kurudi Makambako alikaa kiti cha mbele na Lightness kiti cha nyuma. Fidelis alikuwa na uchungu wa kweli, lakini alijifariji kwamba pengine alichosema si uongo kabisa. Huenda kweli alikosea joto. Mtu anaweza kukosea. Alikuwa hajalitazama jino lenyewe bado.

*

Alilitazama Ijumaa asubuhi, chini ya taa, kwa lenzi yake ya jichoni.

Kauri isiyoshika huachia chuma. Inabanduka yote, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, na nyuma yake chuma kinabaki kitupu, cheusi, kikikucheka. Hilo fundi yeyote analijua, na hilo ndilo Fidelis alilokuwa analitafuta. Alitamani kuliona. Aligeuza kofia huku na huku, akasogeza taa, akafuta lenzi.

Chuma hakikuwa kitupu popote. Kauri ilikuwa bado imeking'ang'ania, nyembamba na nyeupe kama chokaa, kuanzia ukingo mmoja mpaka mwingine. Ilikuwa imepasuka yenyewe kwa yenyewe, katikati ya unene wake, kwa sababu pale ilipoungana na chuma haikukubali kuachia. Tena haikupasuka kwenye ncha, mahali panapouma mfupa. Ilipasuka usoni, mbele, katikati kabisa, na nyufa zilitoka pale zikaenda pande zote.

Kitu kilikuja kutoka mbele. Kitu kikubwa kuliko mfupa.

Fidelis aliitoa lenzi. Kwanza, na hili linaudhi lakini ndivyo ilivyokuwa, alifurahi. Kazi ilishika! Joto lilikuwa sawa. Ndipo furaha ile ikageuka ikawa kitu kingine, akakaa.

Tereza alimkuta hivyo hivyo, ameshika magoti.

"Hujaanza?"

"Mama Ronald, hili jino limepigwa."

Tereza aliufunga mlango kwa mgongo. Alikuwa mwanamke wa kusali sana, kiongozi wa akina mama katika jumuiya yao, na hakuwa katili. Ila alikuwa amezaa mtoto mmoja tu aliyepona.

"Nani kakuuliza?" alisema.

"Nakuambia."

"Unaniambia ninachokijua. Unafikiri mimi nalala masikio yamezibwa? Nimeongea naye. Nimemwambia Ronald, mwanangu, acha. Ameniahidi mbele ya msalaba."

"Hata mwaka juzi alikuahidi."

"Kwa hiyo unataka nini? Wakina Obed waje wamchukue, na mtoto, siku ya ubatizo, watu wote wakitazama? Ronald akaozee ndani? Sema basi. Wewe ndiye baba."

Tereza akakisogelea kile kipande kidogo mezani, lakini hakukigusa.

"Hii iliyobaki juu yake unaifanyaje?"

"Naisaga yote. Nachoma kauri mpya juu ya chuma kile kile. Kutengeneza chuma kingine siwahi."

"Na ukishaisaga, kuna kitakachoonekana?"

"Hapana."

"Basi saga, baba Ronald," alisema taratibu, karibu kwa huruma. "Saga, mtoto wa watu apate jino."

Alipotoka, Fidelis alikaa na mashine mkononi bila kuiwasha. Alijua anachoombwa. Kauri ile ilikuwa imesema jambo moja wazi, na yeye ndiye pekee aliyelisoma. Baada ya kuisaga pangebaki neno lake, na neno lake alikuwa ameshalitoa Njombe, mbele ya daktari: nilikosea joto.

Aliwasha mashine. Vumbi jeupe lilimwangukia kwenye mapaja, na kwa muda mfupi sana chuma kikawa kitupu.

*

Tanuru la Fidelis halikuwa kubwa kuliko sufuria ya makande, lakini likiwaka lilikifanya kile chumba kuwa mahali pekee penye joto katika kiwanja chote. Alishaipuliza kofia kwa mchanga mkavu, akaichoma mpaka chuma kikaota utando wa kijivu ambao kauri huushika. Alishapaka rangi nzito ya kuficha chuma. Sasa lilikuwa tabaka la mwili wa jino, na umeme ulikuwa unacheza tangu asubuhi. Kila taa ilipofifia Fidelis aliacha kupumua. Umeme ukikatika jino likiwa ndani, kazi ya siku nzima imekwenda, na Jumapili haisubiri mtu.

Ronald aliingia bila kubisha. Alikuwa mwanamume mzuri, mrefu, mcheshi, mnunuzi wa mbao anayependwa na kila mtu kuanzia stendi hadi Kitandililo. Alikuja na chupa ya chai na mkate, kama mtoto mwema.

"Shikamoo baba. Inakwendaje?"

"Marahaba. Inakwenda."

Ronald aliinama akachungulia kidirisha cha tanuru, ambako kulikuwa na wekundu tu. Akapiga mluzi.

"Safari hii weka kitu kigumu, mzee," alisema. "Hii aibu ya kila mwaka jino, hapana."

Fidelis alikuwa na maneno. Yalimjia yote kwa pamoja. Alimtazama mwanawe, zile kucha safi, ile pete, akajisikia amechoka kuliko umri wake.

"Usiguse meza," ndicho alichosema. "Vumbi."

"Haya, mzee." Ronald akamwekea chai mahali pasipo na vumbi, akatoka akiimba wimbo wa ubatizo.

Haukupita muda, mlango ukagongwa kidogo. Alikuwa Lightness, mtoto mgongoni, sufuria ndogo ya maji mkononi. Maji hayakuwa yameombwa na mtu. Alisimama kizingitini, nusu nje nusu ndani, kama heshima ilivyotaka, na Fidelis akageukia tanuru, kama heshima ilivyotaka.

"Samahani baba. Mtoto anapigwa na baridi. Nimeona hapa pana moto."

"Sogea. Acha mlango wazi."

Walikaa hivyo, yeye akitazama tanuru, mwanamke akitazama mgongo wake. Mtoto alikohoa. Taa ilififia, ikatetemeka, ikarudi.

"Litashika, baba?" aliuliza Lightness.

"Litashika."

"Na lile la kwanza?" Alisema taratibu mno, khanga mdomoni, lakini kila neno lilifika. "Lile lilikuwa limeshika?"

Mtu akiulizwa swali la namna hiyo na mtu asiyeruhusiwa kuuliza, anajua limegharimu nini. Fidelis alijua. Alijua pia kwamba si jino linaloulizwa. Angeweza kugeuka. Angeweza kusema, mwanangu, nimeona. Nje alimsikia Tereza akimpa mtu maelekezo ya kupanga viti, na Ronald akicheka.

"Nilikosea joto," alisema.

Lightness akaweka sufuria ya maji chini, akamvuta mtoto vizuri mgongoni, akarudi kwenye upepo.

Jino lilitoka zuri. Fidelis aliliacha lipoe polepole, kwa kuwa kauri na chuma havinywei kwa mwendo mmoja, na ukiharakisha vinachaniana. Alilipaka mng'ao, akalichoma mara ya mwisho, akalilinganisha na plasta. Jumamosi Dokta Anyisile aliliweka kwa simenti, akamwambia Lightness atabasamu, na Lightness akafungua mdomo kama anayekaguliwa.

*

Jumapili jua lilitoka. Scola alibatizwa, akalia sana maji yalipomgusa, na watu wakarudi Mahongole wakiwa na njaa na furaha. Turubai lilifungwa uani. Palikuwa na wali, kitimoto, viazi vya kukaanga, njegere, na ulanzi, pombe ya mianzi, kwa wazee. Obed alikaa na wanaume. Shangazi Dorika alikuwa ameshikilia mtoto, anamnusa kichwa, na macho yake yalikuwa yanazunguka.

Yalitua kwa Lightness, ambaye alikuwa anagawa soda, pindo la khanga mdomoni.

"Kamwene, mwanangu," Dorika alimsalimia kwa Kibena. "Njoo hapa. Mbona wajifunika, jua lote hili? Hebu nione hilo jino linalosifiwa."

Lightness alishusha khanga. Jino lilikuwa pale, halitofautiani na wenzake.

"Eh! Zuri kuliko ya Mungu," alisema Dorika. Kisha akamgeukia Fidelis na sauti ya utani, kwani ukwe wao ulishafika mahali pa kutaniana. "Lakini mkwe, nasikia meno yako yanabanduka kama rangi ya ukuta! Mfupa mmoja tu wa nguruwe? Ufundi gani huo? Sisi tukinunua sahani ya maua, wajukuu wanaiosha miaka ishirini!"

Watu waliangua kicheko. Wanawake wa jumuiya walipiga makofi. Ronald ndiye aliyecheka kuliko wote, akasimama na glasi yake.

"Shangazi, msamehe mzee, macho yamechoka! Mwenyewe alimwambia daktari, nilikosea joto, hata ugali ungeibandua. Au siyo baba? Sasa hivi watu wa Njombe wanaogopa hata kuuma andazi!"

Kicheko kilipanda tena. Jirani mmoja alijifanya anashika meno yake yasidondoke. Fidelis alikuwa na sahani magotini. Alikuwa amevumilia daktari, na yule dada wa uji, na mkewe, na chai ya mwanawe. Lakini kucheka kule, chini ya turubai alilolikodi mwenyewe, kwa kazi ambayo mikono yake ilijua kwamba ni safi, kulimshinda.

"Kazi yangu ilishika," alisema.

Waliokaa karibu walisikia. Waliokaa mbali waliendelea kucheka, kisha wakaona wenzao wamenyamaza.

"Unasemaje, mkwe?" Dorika aliuliza.

"Nasema ilishika. Nimeitazama kwa lenzi. Kauri haikubanduka kwenye chuma hata mahali pamoja. Ilivunjika, na haikuvunjwa na mfupa. Mfupa huvunja jino kwa chini. Lile lilipigwa kwa mbele."

Upepo ulilichezea turubai. Obed aliweka sahani yake chini, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Lilipigwa na nani?"

"Mzee amechoka," Tereza alidakia, akisimama. "Hajalala tangu Alhamisi kwa ajili ya hilo jino. Jamani, ongezeni wali, wali upo."

"Mama, nimemuuliza baba," Obed alisema.

"Baba," alisema Ronald. Alikuwa bado anatabasamu, lakini glasi alikuwa ameiweka. "Si ulisema mwenyewe? Mbele ya daktari? Lightness alikuwepo, alisikia. Sasa leo hadithi nyingine ya nini? Lenzi, lenzi. Hilo jino lililovunjika liko wapi tulione?"

Fidelis alifungua mdomo. Vumbi la jino lile alikuwa amelifagia Ijumaa, na vumbi halisemi.

"Nimelisaga," alisema.

"Ehee," alisema Ronald, akawageukia wageni, mikono wazi. "Mnaona wenyewe."

Watu walianza kusogeza viti kidogo kidogo, kama wanaotafuta kivuli. Shangazi Dorika hakusogea. Alimpakata mtoto vizuri, akamtazama mpwa wake.

"Lightness. Baba mkwe wako anasema kweli?"

Lightness alikuwa bado ameshika kreti la soda. Aliliweka chini. Wote walidhani atamtazama mumewe, na Ronald mwenyewe alishamkazia macho kumsubiri. Yeye alimwendea Fidelis, akasimama mbele yake, karibu kuliko mkamwana anavyoruhusiwa, akamtazama usoni. Na Fidelis, kwa mara ya kwanza tangu aje nyumba hii, akamtazama.

"Asante baba," alisema. "Jino lako umelitetea."

"Mwanangu..."

"Juzi nilikuuliza. Nilisimama pale mlangoni na mtoto mgongoni, nikakuuliza, ukaniambia ulikosea joto. Leo umechekwa, limeshika."

Lightness hakumngoja.

"Na lile langu, baba? Lile nililozaliwa nalo? Plasta yake walikuletea wewe. Ulikaa nayo wiki nzima, ukapima, ukachagua rangi. Nalo lilikuwa limevunjika kwa mbele. Kwa nini hilo hukulitetea?"

Hakuna aliyetafuna.

"Uliona?" aliuliza Lightness.

Tereza alitikisa kichwa, akimwomba mumewe kwa macho. Fidelis alimwona. Alimwona na Ronald, mwanawe pekee, ambaye tabasamu lilikuwa limebaki usoni kwa kusahauliwa.

"Niliona," alisema.

Shangazi Dorika alinyanyuka na mtoto begani. "Nenda ukachukue nguo zako," alimwambia Lightness. "Za mtoto usijali, tutashona nyingine."

"Haondoki mtu hapa," alisema Ronald, na kwa hatua ndefu akafika mlango wa nyumba kabla ya mkewe, akauziba kwa mwili. "Hii ni nyumba yangu. Huyo ni mke wangu. Mtoto ana jina langu."

Lightness alisimama. Fidelis ndiye aliyeinuka, sahani ikaanguka, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni. Alimfikia mwanawe kidevuni.

"Pisha."

"Baba, kaa chini."

"Nyumba ni yangu, Ronald. Nimesema pisha."

Ronald alipisha. Hakupisha kwa adabu, tusidanganyane. Obed alikuwa ameshasimama nyuma ya mzee, na nyuma ya Obed wanaume wengine wawili wa Mdandu. Tereza alijifunika uso kwa vitenge vyake vya sherehe akalia kwa sauti, na wanawake wa jumuiya hawakujua kama waende kumshika au wabaki walipo.

Lightness hakukaa ndani. Alitoka na mfuko mmoja, akaupitisha begani, akampokea Scola kwa shangazi yake. Uani walimfungulia njia. Fidelis alikuwa bado amesimama pale mlangoni, mikono imening'inia, akingoja pengine neno. Alikuwa amesema kweli mbele za watu wote, na kwa kweli hiyo amempoteza mwana, na alidhani hilo lina uzito fulani.

Lightness alimpita bila kumuaga.